Jinsi ya Kupima Dondoo za Mitishamba za Kukuza Nywele na Kutibu Chunusi: Mwongozo Kamili kwa Watafiti na Watengenezaji wa Dodoma

Mtu akipaka mafuta ya mitishamba kichwani kwa miezi sita, nywele zake zitarefuka hata kama mafuta hayo hayana uwezo wowote, kwa sababu nywele hukua zenyewe. Vivyo hivyo chunusi huja kwa vipindi: huchachamaa, kisha hutulia, na mwenye nazo hutafuta dawa pale zinapochachamaa, hivyo chochote atakachopaka siku hizo kitaonekana kimemponya wiki chache baadaye. Ndiyo maana ushuhuda wa wateja, hata uwe mwingi na wa kweli, hauwezi kuchukua nafasi ya kipimo. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa vyuo vya Dodoma, matabibu wa tiba asili na wajasiriamali wa vipodozi wanaotaka kujua kwa uhakika kama dondoo yao, yaani kemikali walizozitoa kwenye mmea, inafanya kazi. Jambo litakalojirudia katika kila hatua ni moja: dondoo ipimwe sambamba na kitu kilekile kisicho na dondoo, na sambamba na dawa ambayo uwezo wake umeshajulikana.

Nitatumia mifano miwili inayopatikana hapa kwetu. Wa chunusi ni majani ya mwarobaini, na wa nywele ni mbegu za zabibu, ambazo hubaki kwenye makapi baada ya kukamua mvinyo. Mbegu hizo zina prosianidini, kundi la kemikali ambalo watafiti wa Japani walilichunguza kwenye chembe za nywele za panya mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuona kwamba linachochea ukuaji. Mkoa unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka una kila sababu ya kuyatazama makapi hayo kwa jicho jingine.

Vibali kabla ya chupa na mizani

Kazi ya maabara juu ya majani na bakteria inahitaji idhini ya taasisi yako na utaratibu wa usalama wa maabara. Mara tu unapofikiria kupaka dondoo kwa mnyama au kwa mtu, unahitaji kibali cha maadili. Vyuo vikuu vina kamati zao, na katika ngazi ya taifa kibali hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Majaribio ya dawa kwa binadamu yanahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Omba mapema, kwa kuwa pendekezo hurudishwa kwa marekebisho, na matokeo yaliyopatikana kabla ya kibali hayachapishwi na jarida lolote makini.

Kama wazo la mmea umelipata kwa mganga au kwa mzee wa kijiji cha Chamwino au Kondoa, andikianeni makubaliano kabla ya kuanza. Mweleze babu au bibi huyo utafanya nini na mmea wake, jina lake litatajwa wapi akitaka, na atapata nini bidhaa ikiuzika. Muulize pia anautumia mmea kwa namna gani hasa: anachemsha au analoweka, anatumia majani mabichi au makavu, anachanganya na mafuta gani. Maelezo hayo ndiyo yatakayokuongoza kuchagua kiyeyushi, yaani kimiminika cha kulowekea mmea ili utoe kemikali zake.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha mmea ni wenyewe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua. Mwarobaini, Azadirachta indica, una ndugu anayefanana naye sana aitwaye Melia azedarach, ambaye hupandwa mijini kwa ajili ya kivuli na ambaye matunda yake yana sumu. Chukua tawi mkononi ulitazame kwa karibu. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu: kuna kikonyo kimoja kirefu, na vijani vyenye kingo za msumeno vimejipanga pande zake mbili. Jani la Melia limegawanyika mara mbili au zaidi, yaani kikonyo kikuu kinatoa vikonyo vidogo, na vijani viko juu ya hivyo vidogo. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya Melia yana rangi ya zambarau. Ukinunua unga sokoni hutaona lolote kati ya haya, kwa hiyo kwa kazi ya utafiti usinunue unga kamwe.

Kata tawi lenye maua au matunda, libane katikati ya magazeti chini ya uzito mpaka likauke, kisha andika tarehe, kijiji, aina ya udongo, jina la mkusanyaji na jina la mmea kwa lugha ya wenyeji. Mpelekee mtaalamu wa mimea wa chuo kikuu au Hebaria ya Taifa (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) iliyoko Arusha, akupe jina la kisayansi na namba ya sampuli. Namba hiyo iandikwe kwenye kila ripoti utakayotoa.

Kama mmea wako ni mshubiri (aloe), uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu nyika ya kati ina mishubiri ya porini ya spishi tofauti na ile ya madukani, na utomvu wa njano ulio chini ya ganda huwasha ngozi, tofauti na jeli angavu ya ndani.

Hatua ya pili: kukusanya na kukausha

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na kemikali za majani hubadilika kati ya masika na kiangazi. Kusanya sampuli yote kwa wakati mmoja, au kusanya mara mbili na uzipime kando. Epuka miti ya kando ya barabara kuu na ya karibu na dampo. Kwa mbegu za zabibu, muulize mkulima alipulizia dawa gani na lini, na uzitenge mbegu na makapi siku ileile, kwa kuwa kwa joto letu makapi huchacha na kuota ukungu upesi.

Osha majani kuondoa vumbi, ambalo miezi ya upepo huwa jingi, yasuuze kwa maji yaliyokenekwa, kisha yatandaze kivulini juu ya wavu, mahali penye hewa. Jua kali huharibu baadhi ya kemikali na kufifisha rangi. Jani limekauka pale ambapo mshipa wake wa kati unakatika kwa sauti badala ya kupinda. Saga, chekecha, pima uzito, weka kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga, na uandike lebo siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu: kutoa dondoo

Kwa majani ya mwarobaini, chukua gramu 100 za unga, zimwagie mililita 1,000 za ethanoli ya asilimia 70, funika, na uache kwa saa 72 huku ukitikisa mara kadhaa kila siku. Ethanoli iliyochanganywa na maji huvuta kemikali za aina nyingi, zinazopenda maji na zinazopenda mafuta. Usitumie spiriti ya kuwashia, kwa kuwa huwa na methanoli na rangi, na mabaki yake yatabaki kwenye kitu utakachompaka mtu. Chuja kwanza kwa kitambaa cha pamba, kisha kwa karatasi ya kuchujia namba 1, na upunguze kiyeyushi kwa mashine ya kuvukiza inayozunguka kwenye joto lisilozidi nyuzi 40. Asiye na mashine hiyo anaweza kuweka mchujo kwenye sinia pana mbele ya feni, mbali na moto, ingawa itachukua siku na ni lazima ahakikishe uzito umeacha kupungua kabla ya kuendelea.

Kwa mbegu za zabibu, ondoa mafuta kwanza kwa kukamua au kwa heksani (kiyeyushi cha mafuta), kisha loweka unga uliobaki kwa ethanoli ya asilimia 70. Ukiyaacha mafuta utapata mchanganyiko unaonata ambao haupimiki vizuri.

Pima uzito wa dondoo kavu. Gramu 100 za unga zikitoa gramu 8.4 za dondoo, mavuno ni asilimia 8.4, na namba hiyo ndiyo itakayokuambia baadaye kama mtengenezaji anaweza kumudu gharama. Hifadhi kwenye jokofu kwa nyuzi 4, kwenye chupa nyeusi. Tengeneza wakati huohuo chupa ya pili ambayo haina mmea: kiyeyushi kilekile, kilichochujwa na kuvukizwa vilevile. Wengi huiruka chupa hii kwa kuiona ni kupoteza ethanoli, lakini bila hiyo hutaweza kujibu swali la kwanza ambalo mkaguzi atauliza, kama kilichofanya kazi ni mmea au ni mabaki ya kiyeyushi.

Waganga wetu huchemsha kwa maji zaidi kuliko kuloweka kwa kilevi, kwa hiyo ni haki kutoa pia dondoo ya maji na kuzilinganisha. Tumia maji yaliyokenekwa, kwa sababu maji mengi ya visima vya Dodoma yana chumvi.

Vipimo vya awali vya kemikali ni vya haraka. Matone ya kloridi ya chuma yakigeuka buluu-nyeusi au kijani yanaonyesha tanini. Povu linalodumu baada ya kutikisa na maji linaonyesha saponini. Fanya hivi ili kuhakikisha shehena mbili za dondoo zinafanana. Kuwepo kwa tanini hakuthibitishi kwamba dondoo inatibu chochote.

Hatua ya nne: kupima dhidi ya bakteria wa chunusi

Chunusi hutokana na mambo manne yanayokutana: mafuta mengi ya ngozi, kuziba kwa vitundu vya nywele, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye zamani aliitwa Propionibacterium acnes, na uvimbe unaofuata. Kipimo cha bakteria kinagusa jambo moja tu kati ya hayo manne, nawe useme hivyo kwenye ripoti yako.

Tumia aina zinazojulikana, zenye namba za hifadhi ya vijidudu ya ATCC, kama C. acnes ATCC 6919 na bakteria mwingine wa ngozi, Staphylococcus epidermidis ATCC 12228, badala ya kutegemea usaha wa mgonjwa pekee. C. acnes haoti vizuri penye oksijeni. Anahitaji chombo maalumu chenye pakiti ya kuondoa oksijeni, joto la nyuzi 37, na saa 48 hadi 72. Mshumaa unaowashwa ndani ya chupa hautoshi, kwa kuwa huzimika ikiwa oksijeni nyingi bado ipo.

Kipimo cha visima kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ni rahisi: unapaka bakteria kwenye kisahani, unatoboa visima vya milimita 6, unaweka dondoo na kupima duara lisilo na bakteria. Kinafaa kuchuja dondoo nyingi kwa haraka, ila kina upungufu ambao watu husahau. Ukubwa wa duara unategemea pia jinsi kemikali inavyosambaa kwenye agari, na molekuli kubwa kama tanini husambaa polepole. Dondoo yenye duara dogo inaweza kuwa na nguvu kuliko yenye duara kubwa.

Kwa hiyo jibu la kweli litafute kwa kutafuta ukolezi mdogo kabisa unaozuia bakteria kukua. Yeyusha dondoo kwenye kiyeyushi kiitwacho dimethili salfoksaidi hadi miligramu 100 kwa mililita, kisha izimue kwa mchuzi wa kuoteshea bakteria, ambao bado hauna bakteria, ifike miligramu 20. Kwenye sahani yenye visima 96, weka mikrolita 100 za mchuzi katika kila kisima cha mstari, ongeza mikrolita 100 za dondoo kwenye kisima cha kwanza, changanya, hamisha 100 kwenda cha pili, na uendelee hivyo hadi cha nane, ambako 100 za mwisho unazitupa. Kisha ongeza mikrolita 100 za bakteria kwenye kila kisima. Bakteria hao uwe umewalinganisha na kipimo cha 0.5 cha McFarland (kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye kimiminika), ambacho ni takribani milioni 150 kwa mililita, kisha umewazimua mara 150. Sasa kisima cha kwanza kina miligramu 5 za dondoo kwa mililita, cha pili 2.5, na cha nane takribani 0.039.

Mistari mingine ya sahani hiyohiyo ni ya ulinganisho: bakteria na mchuzi pekee, mchuzi pekee bila bakteria, kiyeyushi bila dondoo kwa kiwango kilekile, na klindamisini, antibiotiki ambayo uwezo wake unajulikana. Kisima cha kwanza kina asilimia 5 ya dimethili salfoksaidi, kiasi kinachoweza chenyewe kuwadhoofisha bakteria, na ni mstari wa kiyeyushi pekee utakaokuonyesha. Rudia kila kitu mara tatu kwa siku tofauti.

Dondoo ya mwarobaini ina rangi nzito, hivyo huwezi kusoma ukungu wa bakteria kwa macho. Kwa Staphylococcus, tumia resazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi palipo na bakteria hai. Kwa C. acnes usiiamini ndani ya chombo kisicho na oksijeni, kwa sababu rangi hiyo hubadilika huko hata pasipo bakteria. Badala yake chukua mikrolita 10 kutoka kila kisima, dondosha kwenye agari mpya, na uone pameota nini. Njia hii inakueleza pia kama dondoo imewaua bakteria au imewazuia kwa muda tu.

Watafiti wengi huihesabu dondoo ghafi kuwa na nguvu ya kuridhisha inapozuia kwa ukolezi wa chini ya mikrogramu 100 kwa mililita. Ikihitaji miligramu kadhaa, usiandike kwamba ni dawa kali, hata kama mkoa mzima unaisifu.

Hatua ya tano: usalama wa ngozi

Hatua hii isirukwe hata kama mmea unaliwa. Ndimu ikipakwa usoni kisha mtu akatoka kwenye jua la Dodoma, huacha malengelenge na madoa meusi, kwa sababu ina kemikali zinazoamshwa na mwanga. Kitunguu saumu kibichi huchoma. Mbegu za nyonyo zina risini, sumu kali inayobaki kwenye mashudu baada ya kukamua mafuta, hivyo dondoo ya maji ya mbegu hizo isitengenezwe kabisa.

Ukishapata kibali, changanya dondoo kwa ukolezi utakaoutumia, kwa mfano asilimia 2, ndani ya jeli yenye pH ya karibu 5.5, na utengeneze jeli tupu isiyo na dondoo. Mafuta ya nazi yasiwe msingi wa bidhaa ya usoni, kwa kuwa huziba vitundu vya ngozi kwa watu wengi wenye chunusi. Mshiriki apake kidogo upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7, mkono mmoja jeli yenye dondoo na mwingine jeli tupu. Wekundu, muwasho au vipele vikitokea, mshiriki huyo aache mara moja. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, basi tazama kama ngozi imekuwa nyeusi zaidi, imevimba, ina joto au imekuwa kavu.

Peleka pia sampuli kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupima zebaki na metali nzito, hasa kama sehemu ya malighafi umeinunua. Krimu ya "mitishamba" inayokausha chunusi kwa siku tatu iulizwe maswali mazito, kwa kuwa baadhi ya bidhaa za namna hiyo hutiwa steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) kwa siri, na steroidi ikizoeleka usoni huleta chunusi zake yenyewe.

Hatua ya sita: kupima nywele

Hakuna bakteria wa kuua hapa, kwa hiyo kazi ni ndefu zaidi. Kwa wanyama, njia iliyozoeleka ni kunyoa sehemu ya mgongo ya panya wa aina ya C57BL/6, ambao ngozi yao hugeuka kutoka waridi kwenda nyeusi-kijivu nywele zinapoingia awamu ya kukua. Kundi moja linapakwa msingi mtupu usio na dondoo, la pili minoksidili ya asilimia 2, dawa inayojulikana ya kuotesha nywele, la tatu dondoo. Unaandika siku ambayo ngozi imebadilika rangi, urefu wa nywele kila wiki, na mwishoni unatazama vipande vya ngozi kwa hadubini. Fanya hivyo pale tu ambapo kuna banda lenye kibali na mtu aliyefunzwa.

Kwa binadamu, anza na sababu ya kupungua kwa nywele. Mtoto mwenye mapunye ana fangasi na anahitaji dawa ya kumeza hospitalini. Mama aliyejifungua hivi karibuni nywele zake hupukutika na kurudi zenyewe. Mwenye upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma anahitaji madini hayo. Dada ambaye nywele za pembeni zimeisha kwa kusuka kwa kubana sana anaweza kupona kwa kulegeza msuko kama tatizo halijadumu muda mrefu, na ukimchanganya kwenye jaribio lako, mafuta yatapewa sifa ya kazi iliyofanywa na msuko. Daktari wa ngozi awachunguze washiriki kabla hujawapokea.

Usipime urefu peke yake. Nywele za Waafrika hukua kwa wastani wa takribani milimita 0.26 kwa siku, yaani karibu milimita 8 kwa mwezi, na hukatika kwa urahisi, hivyo mafuta yanayozuia kukatika huonekana kama yanaotesha. Hiyo ni faida halali, ila ni madai tofauti na yapimwe tofauti. Chagua sehemu ya sentimita moja ya mraba, pima umbali wake kutoka ncha ya pua na masikio ili uipate tena, ipunguze nywele, na uipige picha kwa lenzi ya kukuza chini ya taa ileile mwanzoni, mwezi wa tatu na mwezi wa sita. Hesabu nywele kwenye picha. Ongeza kipimo cha kitana: mshiriki achane kwa sekunde 60 juu ya kitambaa cheupe kabla ya kuosha, kisha utenge nywele zenye kitone cheupe kwenye shina, ambazo zimedondoka, na zisizo nacho, ambazo zimekatika.

Muda wa miezi sita haukwepeki. Jaribio la Iran lililochapishwa mwaka 2015, lililolinganisha mafuta ya rozimari na minoksidili ya asilimia 2 kwa watu 100, halikuona mabadiliko katika mwezi wa tatu. Tofauti na hali ya mwanzo ilijitokeza mwezi wa sita. Anayekuambia amethibitisha mafuta yake kwa wiki nne hajathibitisha.

Hatua ya saba: jaribio la chunusi usoni

Kwa chunusi, wiki 8 hadi 12 zinatosha. Njia ya nusu uso ni nzuri na nafuu: kura ipigwe ni shavu gani litapata dondoo na lipi jeli tupu, ili kila mshiriki awe mlinganisho wake mwenyewe. Weka zote mbili kwenye chupa zisizoonyesha rangi, ziandikwe A na B, na siri ya herufi aishike mtu asiyehesabu vipele. Mwarobaini una harufu inayojulikana na kila Mtanzania, hivyo washiriki huenda wakaitambua. Mhesabuji basi asiwe karibu wakati wa kupaka, na waulize washiriki mwishoni wanadhani lipi lilikuwa lipi.

Hesabu kando vichwa vyeusi na vyeupe (vitundu vilivyoziba bila kuvimba), vipele vyekundu na vyenye usaha, mwanzoni na kila baada ya wiki 4. Ikiwa vyenye usaha vimepungua na vichwa vyeusi vimebaki, dondoo yako inagusa bakteria au uvimbe, na haifungui vitundu. Ukiwa na washiriki wa kutosha, ongeza kundi la benzoili peroksaidi ya asilimia 5, dawa ya chunusi inayojulikana. Mwaka 1990 huko Australia mafuta ya mti wa huko uitwao tea tree (Melaleuca) yalipolinganishwa nayo kwa watu 124, yote mawili yalipunguza chunusi. Mafuta hayo yalichelewa zaidi, lakini yaliwasha kidogo. Jibu la namna hiyo ndilo linalomsaidia mgonjwa kuchagua.

Wanaoacha katikati wabaki kwenye hesabu pamoja na sababu zao, kwa kuwa wengi huacha kwa ajili ya muwasho au kwa kutoona nafuu.

Kuelekea sokoni

Tangu mwaka 2019 vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa inayodai kulainisha au kusafisha ni kipodozi; inayodai kutibu chunusi au kuotesha nywele imeingia upande wa dawa, na kwa tiba asili utahitaji pia kuwasiliana na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Amua utadai nini kabla ya kuchapa lebo. Bidhaa yenye maji iwe na kihifadhi, na iwekwe kwenye joto la nyuzi 40 kwa miezi kadhaa huku ukipima rangi, harufu, pH na idadi ya vijidudu, maana chupa itakayokaa dirishani kwa muuzaji wa Bahi au Mpwapwa inaweza kupata joto hilo mchana wa Oktoba. Kwa kila shehena weka chupa moja kabatini yenye namba ya shehena, tarehe na namba ya sampuli ya mmea, na uitunze mpaka muda wa matumizi wa shehena hiyo upite.